Simu inasoma E, H au 4G: namna ya kujua kama tatizo liko kwenye mnara, laini au simu yenyewe

Pembeni ya vile vistari vya mtandao juu ya skrini kuna herufi ndogo: G, E, 3G, H, H+, 4G au 5G. Wengi hutazama vistari tu. Vikijaa na intaneti ikawa nzito, lawama zinakwenda kwenye bando. Lakini vistari vinaonyesha nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu, basi. Herufi ndiyo inayosema mawimbi hayo ni ya kizazi gani, na kizazi ndicho kinachoamua kama faili litafunguka kwa sekunde 2 au kwa dakika 5. Vistari vinne vya E haviwezi kushinda vistari viwili vya 4G hata siku moja.

Kwa hiyo kabla hujanunua bando jingine au kwenda kugombana dukani, soma herufi. Ukishajua simu inasoma nini na kwa nini, karibu matatizo yote ya intaneti ya simu yanabaki kwenye sehemu nne: mnara, simu, laini na mipangilio.

Herufi na kasi zake

G ni GPRS na E ni EDGE. Zote mbili ni 2G, yaani GSM, iliyoanza kibiashara Finland mwaka 1991. GSM ilibuniwa kwa ajili ya sauti. Intaneti iliongezwa baadaye, ndiyo maana ni finyu. G hukupa kilobiti 30 hadi 50 kwa sekunde. E, katika mazingira ya kawaida, kilobiti 100 hadi 200.

3G ikiandikwa hivyo hivyo ni UMTS, yenye kikomo cha kilobiti 384 katika umbo lake la kwanza. Ilianza Japani Oktoba 2001. Ilipoboreshwa ikawa H, ambayo kwenye karatasi hufika megabiti 14.4, kisha H+, megabiti 21 au 42. Usitegemee namba hizo za karatasi. Kasi ya mnara hugawanywa kwa watu wote wanaoutumia kwa wakati huo, kwa hiyo H+ ya mtaani mara nyingi ni megabiti 2 hadi 8.

4G na LTE ni kitu kimoja. Simu moja huandika hivi na nyingine vile. Ilianza Stockholm na Oslo Desemba 2009. Simu ya bei ya chini yenye 4G ya daraja la 4 ina kikomo cha megabiti 150, na mtaani hupata 10 hadi 40 mnara usipozidiwa. Ukiona 4G+, simu inaunganisha mikanda miwili au zaidi ya masafa kwa wakati mmoja. 5G iliwashwa Korea Kusini na Marekani Aprili 2019. Vodacom Tanzania walizindua yao Septemba 2022, na Safaricom wakaanza kuiuza Kenya Oktoba mwaka huohuo.

Sasa igeuze kasi iwe muda. Bando hupimwa kwa megabaiti na kasi hupimwa kwa megabiti, na baiti 1 ni biti 8. Chukua PDF ya MB 5, tuseme tangazo la ajira. Hiyo ni megabiti 40. Kwa 4G ya megabiti 20 itashuka kwa sekunde 2. Kwa H+ ya megabiti 4, sekunde 10. Kwa E ya kilobiti 150, dakika 4 na nusu. Kwa G, zaidi ya robo saa, na hapo ni kama haikukatika katikati.

Kasi si jambo pekee. Kuna muda wa kwenda na kurudi, yaani muda ambao ombi lako linachukua kufika kwenye seva na jibu kurejea. Kwa 4G ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwa E ni nusu sekunde na mara nyingine sekunde nzima. Ukurasa wa kisasa wa intaneti hauji kwa ombi moja. Simu hupeleka maombi kadhaa ya kutambulishana na seva kabla herufi ya kwanza haijaonekana, kisha maombi mengine kwa kila picha. Ndiyo maana kwenye E ukurasa hubaki mweupe, halafu unaandikiwa kuwa umeshindikana, hata kama ukurasa wenyewe ni mdogo. Meseji za maandishi za WhatsApp hupita, kwa sababu muunganisho wake ukishafunguka hubaki wazi na ujumbe ni mwepesi.

2G haijaondolewa, na haitaondoka kesho. Kitochi cha batani kinaitegemea kwa simu na kwa meseji. Huduma za fedha kwa menyu, kama M-Pesa ya Vodacom kwa *150*00#, zinafanya kazi vizuri kabisa juu yake bila bando wala data. Mtu anaweza kutuma pesa bila shida mahali ambapo hawezi kufungua tovuti hata moja. Hilo si hitilafu: menyu hizo hazipiti kwenye njia ya intaneti.

Mnara: kwa nini nje ni 4G na ndani ni H

Mnara mmoja unaweza kutoa 2G, 3G, 4G na 5G kwa pamoja, kila moja kwa masafa yake. Masafa ya chini husafiri mbali na kupenya kuta. Masafa ya juu hubeba data nyingi lakini huchoka haraka. MHz 700, 800 na 900 ni ya chini. MHz 1800 na 2100 ni ya kati. MHz 2600 na 3500 ni ya juu, na 5G nyingi ya mjini iko huko.

Ukiwa uani simu inashika 4G ya 1800. Ukiingia chumbani kwenye kuta za tofali za saruji na paa la bati, ile 1800 inadhoofika, na simu inahamia 3G au 2G ya 900 ambayo bado inapenya. Bati ndilo adui mkubwa zaidi kuliko ukuta, kwa kuwa chuma hurudisha mawimbi. Vioo vyenye rangi ya kung'aa kama fedha vya majengo ya ofisi hufanya vilevile, kwa sababu vimepakwa tabaka jembamba la metali.

Umbali nao una kikomo chake. GSM ya kawaida haiwezi kuhudumia simu iliyo zaidi ya kilomita 35 kutoka kwenye mnara, hata kama uko kilimani na unauona. Sababu ni muda: mnara huipa kila simu nafasi fupi ya kuzungumza, na mawimbi yakitoka mbali zaidi ya hapo huchelewa yakaangukia nafasi ya simu nyingine.

Kuna maeneo ambayo mnara ni wa 2G tu. Hapo hakuna mpangilio utakaoleta 4G. Tanzania, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ndio unaotoa ruzuku ili kampuni zijenge minara vijijini ambako biashara peke yake haivutii. Mkataba mkubwa wa minara mipya 758 ulisainiwa Dodoma Mei 2023, pamoja na kazi ya kuipandisha hadhi minara ya zamani ya 2G. Kwa hiyo sehemu iliyokuwa inasoma E tu miaka michache iliyopita inafaa kupimwa upya, na kwa laini za kampuni zaidi ya moja. Mnara mpya unaweza kuwa wa kampuni ambayo huna laini yake.

Kupima hakuhitaji fundi. Kwenye Android fungua sehemu ya kupigia simu, andika *#*#4636#*#* na menyu ya majaribio itafunguka yenyewe. Samsung hutumia *#0011#. Simu ikikataa, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, kisha hali ya SIM; namba ya nguvu ya mawimbi iko hapo pia. Kwenye iPhone piga *3001#12345#* kisha bonyeza kitufe cha kupiga.

Tafuta namba hasi yenye dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Kwa 4G soma iliyoandikwa RSRP:

- Kuanzia -80 kurudi kwenye sifuri: mawimbi ni imara sana.
- -80 hadi -95: mazuri, video itacheza bila kusimama.
- -95 hadi -105: yanatosha, lakini ukisogea chumba cha pili yanaweza kushuka.
- -105 hadi -115: dhaifu. Intaneti inakwenda na kurudi, na betri inaisha haraka.
- Chini ya -115: simu iko karibu kuachia 4G.

Kila tofauti ya 3 ni mara mbili ya nguvu. Kutoka -108 hadi -102 maana yake mawimbi yameongezeka mara nne, na tofauti hiyo inaweza kupatikana kwa kuhamisha simu kutoka kitandani hadi dirishani. Pima sehemu tatu nne za nyumba, simu ikiwa imetulia kwa nusu dakika kila sehemu, kwa sababu namba huchelewa kubadilika. Usilinganishe namba za 4G na za 2G. Zinapimwa kwa njia tofauti, na -95 ya 2G si sawa na -95 ya 4G.

Chini ya RSRP mara nyingi kuna SINR au SNR, inayosema mawimbi yako yako juu ya kelele kiasi gani. Ikiwa 20 na zaidi ni safi. Ikiwa karibu na 0 au hasi, mawimbi ya mnara mwingine yanaingilia, na intaneti itakuwa nzito hata kama RSRP ni nzuri. Hali hii huwapata watu wa ghorofani mjini: simu inasikia minara mingi kwa nguvu zinazokaribiana. Hamia upande wa pili wa nyumba ili ukuta ukukinge na baadhi yake.

Kama herufi ni 4G, RSRP ni -85, SINR ni nzuri, na bado video inasimama, mnara umejaa. Thibitisha kwa kupima kasi mara mbili mahali palepale: saa 2 usiku, watu wakiwa wamerudi nyumbani, na saa 10 alfajiri. Megabiti 1.5 usiku na 25 alfajiri ni jibu tosha. Simu mpya haitasaidia chochote hapo. Kitakachosaidia ni laini ya kampuni nyingine yenye mnara usio na watu wengi, au kupakua vitu vizito alfajiri. (Kipimo cha kasi chenyewe kinakula bando; kwa 4G nzuri kimoja kinaweza kumaliza MB 50 au zaidi, kwa hiyo usikirudie ovyo.)

Simu: maandishi ya nyuma si ushahidi

Hapa ndipo watu wanapoteza pesa. Kuna simu za bei rahisi zilizoandikwa "5G" kwenye kava la nyuma, kwenye boksi na hata kwenye skrini inapowaka, lakini ndani zina chipu ya 3G. Chipu zinazokutwa sana kwenye simu hizo ni MediaTek MT6580 na Unisoc SC7731E. Zote mbili zinaishia H+. Hakuna laini, bando wala mnara utakaoifanya simu yenye chipu hiyo isome 4G.

Kabla ya kulipa, weka laini yako na fungua sehemu ya kuchagua aina ya mtandao kwenye mipangilio. Simu ikikupa 2G na 3G peke yake, ni ya 3G, na mazungumzo yaishe. Hatua ya pili ni kuingiza programu ya kusoma vifaa vya ndani, kama CPU-Z au DevCheck, na kutazama jina la chipu. MT6739 na SC9863A, kwa mfano, ni za bei ya chini lakini zina 4G ya kweli. Mwisho piga *#06#, upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, uitume kwa meseji kwenda 15090 kama uko Tanzania. Jibu litakutajia aina na modeli ya simu. Likija jina tofauti na lililoandikwa kwenye simu, au likija kwamba si halisi, rudisha simu papo hapo. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilizima simu bandia mitandaoni Juni 2016, na IMEI ndiyo inayotumika kuzitambua.

Simu halisi nayo inaweza kukukosesha 4G ikiwa imetengenezwa kwa soko la mbali. Mfano unaojirudia ni simu zilizotumika kutoka Marekani. Kampuni za huko hutumia mikanda kama 2, 4, 12, 13, 66 na 71. Afrika Mashariki 4G iko zaidi kwenye mkanda wa 3 (MHz 1800), wa 20 (MHz 800), wa 28 (MHz 700), na baadhi ya maeneo wa 1, wa 7 au wa 40. Simu isiyo na 20 wala 28 itashika 4G vizuri mjini kwa kutumia 3, halafu ukienda kijijini, ambako kampuni hutegemea masafa ya chini, inaanguka hadi H au E huku simu ya jirani inasoma 4G. Andika namba kamili ya modeli, siyo jina la biashara peke yake, na uangalie orodha ya mikanda yake. Galaxy ya jina moja inaweza kuwa na modeli zaidi ya tano, kila moja na mikanda yake. Kwa mtu wa hapa, mkanda wa 3 ni lazima, na angalau mmoja kati ya 20 na 28.

Jambo dogo linalosumbua wengi: kwenye simu za laini mbili za zamani, nafasi ya pili ni ya 2G tu. Laini ya data ikiwa huko, itasoma E milele. Ihamishie nafasi ya kwanza.

Laini

Kadi ya laini iliyotolewa enzi za 2G inaweza kufanya kazi kwa simu na meseji, hata ikashika 3G, lakini ikakataliwa kwenye 4G, kwa kuwa 4G inadai aina mpya zaidi ya kadi. Dalili ni hii: laini yako inasoma H kwenye simu ambayo laini ya mwenzako ya kampuni ileile, nafasi ileile, inasoma 4G. Nenda duka la huduma ukiwa na kitambulisho cha NIDA, u-swap laini kwa alama za vidole. Namba inabaki ileile, salio na akaunti ya fedha pia. Kabla ya ku-swap, hamisha majina yaliyohifadhiwa kwenye kadi; hayo hayarudi.

Kadi ikiwa imekatwa kwa mkasi ili iingie kwenye nafasi ndogo, au sehemu ya dhahabu imechakaa, simu huandika "hakuna SIM" mara kwa mara na intaneti hukatika kila simu inapotikiswa. Futa kwa kitambaa kikavu. Ikiendelea, badilisha kadi.

Mipangilio

Kama mnara, simu na laini ni vizima, fuata hatua hizi kwa mpangilio huu. Zimepangwa kuanzia rahisi.

1. Washa hali ya ndege kwa sekunde 15, kisha izime. Simu inaachia mnara na kujisajili upya, na mara nyingi inatoka E kwenda 4G hapohapo. Hii inatosha kwa simu iliyong'ang'ania 2G baada ya kupita eneo lenye mawimbi hafifu.

2. Hakikisha data imewashwa kwenye laini yenye bando. Kwenye simu ya laini mbili ni kawaida kununua bando laini ya kwanza wakati data inatumia ya pili, na salio la ya pili likaliwa taratibu.

3. Fungua aina ya mtandao. Tecno, Infinix na itel huiandika "Preferred network type", Samsung "Network mode". Chagua ile yenye 4G au LTE pamoja na 3G na 2G, yenye neno "auto". Kwenye iPhone iko ndani ya chaguo za data ya simu, sehemu ya sauti na data.

4. Angalia APN, yaani jina la lango ambalo kampuni hutumia kukutoa kwenda intaneti. Ikikosewa, herufi ya 4G itaonekana, simu zitapigika, lakini hakuna kitakachofunguka. Vodacom Tanzania ni neno internet, bila jina la mtumiaji wala nywila. Safaricom Kenya ni safaricom, jina la mtumiaji saf, nywila data. Andika kwa herufi ndogo, bila nafasi mwishoni. Kibodi ya simu hupenda kuongeza nafasi baada ya neno na kuharibu kila kitu. Sehemu ya aina ya APN weka default,supl. Intaneti ikifanya kazi kwenye simu lakini wanaounganisha kwa hotspot hawapati kitu, ongeza dun, ukitenganisha kwa mkato.

5. Zima VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, kama ipo, na uondoe seva binafsi ya DNS, ile inayotafuta anwani za tovuti, ukiirudisha kwenye hali ya kujiendesha. VPN iliyokwama ni chanzo kikubwa cha "4G ipo lakini haifungui".

6. Mwisho kabisa, rejesha mipangilio ya mtandao peke yake. Picha na meseji hazitaguswa, ila nywila za Wi-Fi na vifaa vya Bluetooth vitasahaulika.

Kwenye menyu ile ya *#*#4636#*#* kuna chaguo la LTE pekee. Linavutia, kwa sababu linaizuia simu kushuka hadi E. Lakini 4G yenyewe ilijengwa kwa data. Simu za sauti juu yake zinahitaji VoLTE, ambayo lazima iwepo kwenye simu, kwenye laini na kwa kampuni. Bila VoLTE, ukiweka LTE pekee hutapigika, na menyu za fedha zinaweza kugoma. Tumia chaguo hilo kwenye simu au modemu ya data tu, siyo kwenye namba ambayo watu wanakutafutia.

Ukosefu wa VoLTE ndio unaoeleza pia jambo jingine la kila siku: simu ikiita, 4G inageuka H au E na upakuaji unasimama. Simu imeshuka kwenda 3G au 2G kufuata sauti. Ikishuka 3G, intaneti huendelea polepole. Ikishuka 2G, husimama hadi ukate. Tafuta "VoLTE" kwenye mipangilio ya laini na uiwashe. Na kwenye simu nyingi za laini mbili, ukizungumza kwa laini ya pili, data ya laini ya kwanza husimama vyovyote vile, kwa kuwa simu ina redio moja ya kuhudumia zote mbili.

Pale ambapo 4G si chaguo bora

Kwenye RSRP ya -117 simu hurukaruka: sekunde kadhaa 4G, kisha H, kisha 4G tena. Kila kuruka kunakata muunganisho na kuchoma betri. Hapo iweke 3G pekee. H+ iliyotulia itakupa video bila kusimama, na betri itafika jioni. Ukitoka eneo hilo rudisha kwenye "auto".

Mipakani kuna hatari nyingine. Namanga, Sirari, Holili au Tunduma, mnara wa nchi ya pili unaweza kuwa na nguvu kuliko wa kwenu, na simu itauhamia yenyewe, herufi R ikitokea. Zima data ya kuvuka mtandao, kisha ingia kwenye uchaguzi wa kampuni na uichague ya kwenu kwa mkono. Ukisafiri kuondoka mpakani, rudisha uchaguzi wa kujiendesha, la sivyo simu inaweza kubaki bila mtandao.

Android kuanzia toleo la 12, kwenye baadhi ya simu, ina swichi ya kuzima 2G. Inafaa kuitumia mjini. Katika 2G simu hujitambulisha kwa mnara, lakini mnara haulazimiki kujitambulisha kwa simu, kwa hiyo mtu mwenye kifaa cha mnara bandia anaweza kuzivuta simu zilizo karibu na kuzitumia meseji za utapeli kwa jina lolote, hata la benki. Kuanzia 3G pande zote mbili hutambulishana. Kama unaishi mahali palipo na 2G peke yake, usiizime. Utakosa mtandao kabisa.

"4G inakula bando"

MB 1 ni MB 1, kwa E au kwa 5G. Kinachobadilika ni programu. YouTube, TikTok na Instagram hupima kasi ya mtandao na kupandisha ubora wa video zenyewe. Kwenye E video hata haianzi; kwenye 4G inakuja kwa ubora wa juu bila kukuuliza. Saa moja ya video ya 480p ni takriban MB 500, wakati ya 1080p inaweza kuvuka GB 1.5. Ingia kwenye mipangilio ya YouTube, sehemu ya ubora wa video, uchague kuokoa data kwa mtandao wa simu. Kwenye TikTok na Instagram washa kiokoa data. WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, ondoa tiki zote za kupakua zenyewe unapotumia data ya simu, kisha hakikisha chelezo yake inakwenda kwa Wi-Fi tu. Play Store iambie isasishe programu kwa Wi-Fi pekee. Hatua hizi nne hupunguza matumizi kuliko kurudi kwenye 3G.

Ukipiga simu huduma kwa wateja

Ukisema "mtandao unasumbua", utaambiwa uzime simu na kuiwasha. Wape vitu ambavyo fundi wa mnara anaweza kuvitumia: mahali kamili, mtaa au kijiji na alama iliyo karibu; tarehe na saa tatizo linapotokea; herufi inayosomeka; RSRP na SINR; modeli ya simu; na namba ya seli, ile inayoandikwa CID au Cell ID kwenye menyu ya majaribio. Namba ya seli ndiyo inayowaonyesha upande gani wa mnara gani una shida, kwa kuwa mnara mmoja huwa na pande tatu na mmoja unaweza kuharibika mingine ikiwa mizima. Eleza pia kwamba umejaribu laini hiyo kwenye simu nyingine. Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko na uihifadhi, kwa kuwa TCRA hupokea lalamiko baada ya kampuni kupewa nafasi ya kulishughulikia, na namba hiyo ndiyo ushahidi kwamba uliwapa nafasi hiyo.